Filamu Iliyokwama kwenye Majina

Juzi mwanangu alikuwa ameketi karibu yangu sebuleni, ameshika simu yangu, anaanza katuni mpya. Muziki ulikuwa ndio kwanza unapanda, giza la mwanzo halijafunguka vizuri, kidole chake kikaenda moja kwa moja pembeni ya kioo, pale panapokuruhusu kuuruka mwanzo. Akabonyeza bila hata kutazama, kama mtu anayefukuza inzi.

"Rudisha!" nikasema kwa sauti iliyonishtua hata mimi.

"Mama, hapo hakuna kitu. Ni majina tu."

Majina tu! Nilicheka mpaka akadhani nimepungukiwa. Nyinyi wa rika langu, mliokulia zama za deki na sidii zenye mikwaruzo, huenda mtanielewa nikisema kwamba iko likizo moja ya utoto wangu niliyoishi yote ndani ya hayo majina tu, na kwamba sijawahi tena kutazama kitu kwa macho yaliyofunguka namna ile.

Nilikuwa nimeletwa kutoka Goziba. Ni kisiwa cha mbali ziwani, upande wa Muleba, hufiki ila kwa boti. Kambi yetu ilikuwa mabanda ya mabati na maturubai, watu wa kila kabila, na dagaa walioanikwa kila mahali mpaka mtoto unajifunza kutembea kwa kurukaruka. Baba alikuwa mvuvi. Alihama na kambi nyingine kabla sijaijua sura yake. Mama alinunua dagaa, akawakausha, akawauza, na mimi nilikuwa mkia wake. Kisha siku moja akanifungia nguo zangu kwenye mfuko, tukavuka ziwa, akanifikisha kwa mama yake Kitendaguro, pale Bukoba.

"Kaa na bibi kwanza," aliniambia. "Mwezi ukiwa mkubwa nitakuja."

Mtoto wa kambini hahitaji kuelezwa hilo la mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa za wavuvi, mitumbwi inapumzishwa, na watu wanapata nafasi ya kwenda makwao. Nililolishika kwa mikono miwili ni lile neno "kwanza". Kwa akili yangu, penye kwanza lazima pana pili, na pili yangu ilikuwa kurudi naye kisiwani.

Kitendaguro kulinibana. Nilizoea kuyatupa macho yakaenda mpaka yachoke yenyewe. Huku kila nilipogeuka niligonga mgomba. Kibanja cha Bibi kiliizunguka nyumba pande zote, migomba na mibuni imeshikana, ukitoka mlangoni unaingia kivulini. Nyumbani walikuwapo watoto wawili wa mjomba Deo: Mujuni, wa umri wangu, mwenye maneno mengi kuliko meno, na dada yake Kemi, ambaye alikuwa darasa la tano na hakuacha mtu asahau. Kihaya changu kilikuwa cha kambini, kimechanganyika na kila lugha ya ziwa, na kila nilipofungua kinywa Mujuni aliangua kicheko. Nikaamua kukifunga.

Hapo ndipo mjomba Deo alipotokea na runinga. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra, na safari hiyo alishusha runinga yenye mgongo mnene, deki, na sidii moja iliyofungwa kwenye gazeti, haina kava wala jina. Akaunganisha nyaya, akatuambia hiyo ni katuni, akala, akalala, na kulipokucha akaondoka na lori lake. Nakumbuka zaidi harufu: lile vumbi linaloungua ndani ya runinga inapopata moto, pamoja na plastiki ya nyaya mpya. Mpaka leo nikipita kwenye kibanda cha fundi nikaisikia, moyo unanienda mbio kama wa mtu aliyeitwa jina lake.

Mchana huo tukaiwasha. Sijui niielezeje. Kioo kilikuwa cheusi. Ikalia filimbi moja, ya mbali. Halafu rangi ya chungwa ikaanza kupanda kutoka chini, taratibu, mpaka tukagundua kwamba ni maji, ziwa zima limelala, na juu yake mwezi wa mviringo. Ufukweni alikaa paka mdogo, ametupa mgongo, mkia ameuzungusha miguuni. Mbele yake mtumbwi ulikuwa unaondoka, na ndani yake paka mkubwa, amefunga kitambaa kichwani, anapiga kasia. Na hapo majina yakaanza. Yalitokea kwenye maji yenyewe, moja baada ya jingine, herufi nyeupe zikiyumba na mawimbi. Zikakaa kidogo, kisha zikazama. Filimbi ikapata ngoma. Mtumbwi ukawa mdogo, ukawa mdogo zaidi, ukapotea. Yule paka hakusogea. Mwishoni kabisa, pale maji yanapokutana na mbingu, likatokea doa jeusi, likaanza kukua. Ngoma zikalipuka zote kwa pamoja, herufi M ikashuka kutoka juu, kubwa kama mlango, ikafuatwa na O.

Na sidii ikakwama.

Tulipiga kelele mpaka Bibi akaja na mwiko mkononi. Tuliitoa tukaipuliza. Tukaifuta kwa khanga ya Bibi, tukaipaka dawa ya meno kama Kemi alivyosikia shuleni, tukaianika juani kama kahawa. Kila tulipoirudisha ilianza vizuri, kwa filimbi ileile, ikatufikisha kwenye lile doa na zile herufi mbili, ikasimama. Wengine wangeitupa. Sisi hatukuwa na nyingine, na mvua ilikuwa ya kila siku, na likizo ndefu. Basi tukawa na filamu ambayo ni mwanzo mtupu, na yaliyobaki tukalazimika kuyachimbua kutoka humo.

Na tulichimba! Tukitoka kuchota maji tunakimbizana hadi sebuleni. Mujuni alishika kiti cha mbele na kutangaza kwamba M na O hazikuwa na siri yoyote: filamu inaitwa Mujuni, ila aliyeandika alikosea. Kemi alisema kwa Kiingereza alichojua inaweza kuwa “mother” au “moon”, yaani mama au mwezi, vyote vinaanza hivyo. Mujuni akasema paka mkubwa amefukuzwa, kwa sababu paka anaogopa maji na hawezi kuingia mtumbwini kwa hiari yake. Lile doa jeusi, kwake, lilikuwa zimwi. Kwa Kemi lilikuwa mvua. Mimi nilinyamaza. Lakini nilikuwa nalitazama lile doa mpaka macho yananitoka machozi, maana nilijua kwa uhakika wote wa umri ule kwamba huo ulikuwa mtumbwi unarudi, na nilichotaka ni kuuona ukifika.

Alasiri moja Kemi akaanza kuyasoma majina kwa sauti, kama anasomea darasa. Yalikuwa majina ya kigeni, marefu, anayavunjavunja. Bibi aliingia kutoka kibanjani, kisu cha kumenyea ndizi bado mkononi, akasimama mlangoni.

"Nani hao mnaowasoma?"

"Hatujui, Bibi," Kemi akajibu. "Wanatokea tu kwenye maji, halafu wanazama."

Bibi akatazama. Jina likaja, likayumba, likazama. Jingine. Filimbi ile ya huzuni. Akaweka kisu juu ya kabati, akafanya ishara ya msalaba.

"Mtumbwi umezama," alisema kwa sauti ya chini. "Hao ndio waliokuwemo. Wanasomwa, kama tunavyosomewa marehemu wetu kanisani."

Hata Mujuni hakucheka. Watu wa Bukoba wa umri wa Bibi waliwahi kukaa karibu na redio wakisikiliza majina ya waliozama na meli ziwani, na sisi watoto tulilelewa ndani ya ukimya ulioachwa na majina yale. Bibi aliposema hivyo, chumba kilibadilika. Mama yangu alikuwa mtu wa boti. Mwezi ulikuwa unakua. Nilikuwa nikiutazama kila jioni kupitia majani ya migomba.

Bibi alipotoka, nikafungua kinywa changu. "Dada Kemi," nikamwambia, "soma tena. Angalia kama yumo Adelina."

Adelina ni mama yangu. Kemi alikuwa tayari kusema kitu, pengine kwamba hiyo ni katuni na majina ni ya Wazungu, lakini alinitazama usoni akaacha. Mujuni akarudisha mwanzo bila kuambiwa. Kemi akapiga magoti mbele ya runinga, kidole kwenye kioo, akasoma jina moja moja mpaka M na O.

"Hayumo."

"Umeangalia vizuri?"

"Tunarudia," akasema.

Tukarudia. Na ni katika kurudia huko, kidole chake kikiwa chini ya jina mojawapo la mwisho, Kemi alipopiga ukelele uliowatoa kuku chini ya meza.

"Huyu! Huyu alikwishapita! Mujuni, rudisha! Alikuwa wa kwanza kabisa!"

Kweli. Jina lilelile, herufi kwa herufi, mwanzoni mtumbwi ukiwa bado karibu, na tena mwishoni kabla ya doa. Tukatazamana, midomo wazi. Mujuni ndiye aliyelitamka, na mpaka leo nampenda kwa hilo:

"Mtu hafi mara mbili!"

Tulitoka mbio, watatu, tukapita katikati ya migomba tukianguka kwenye majani makavu, mpaka alipokuwa Bibi. "Bibi! Bibi! Hawajafa! Mmoja amezama mara mbili!" Tulisema wote kwa pamoja, na Kihaya changu cha kambini kilikuwa cha juu kuliko vyao, na hakuna aliyekicheka. Bibi alisikiliza, akaegemea jembe, akafikiri kwa makini kama mtu anayeamua kesi.

"Huenda ni wajina wake," akasema. "Wawili wenye jina moja. Hata hapa kijijini mna akina Deo wangapi?"

Ee waitu! Tukarudi tumelegea kama majani yaliyobabuliwa motoni. Lakini sasa tulikuwa watu wengine. Tulikuwa na kazi. Majina yalikuwa yameshindwa kutupa jibu, basi ilibidi tuiulize picha yenyewe, na picha nilikuwa naijua mimi.

"Mwezi umejaa," niliwaambia. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ndefu nyumbani mle. "Hakuna anayekwenda kuvua dagaa mwezi ukiwa umejaa. Kwa hiyo huyo haendi kuvua. Anasafiri tu. Na mtu anayesafiri hurudi."

"Siyo wote," Mujuni akasema, lakini kwa upole.

"Basi tutafute kingine."

Tukatafuta. Tuligundua kwamba paka mkubwa hageuki nyuma hata mara moja. Hilo lilikuwa baya. Tuligundua kwamba mtumbwini hakuna mzigo. Hilo lilikuwa zuri sana, kwani anayehama hubeba hata sufuria. Tuligundua nyayo kwenye mchanga, kubwa na ndogo, zimekuja pamoja hadi majini. Kila tulichokipata tulikipigia makofi. Nilikuwa naamka asubuhi na hamu kama ya sikukuu, kwamba leo, labda leo, tutaona tusichokiona jana. Na siku moja, nikiwa nimeweka pua karibu na kioo mpaka nywele zinasimama kwa umeme, niliviona chini kabisa, kwenye kona, nusu vimefichwa na jiwe: vitu viwili vyeupe, vya duara, juu ya kitambaa.

"Simamisha! Sahani!"

"Ngapi?" Kemi akauliza.

"Mbili! Ziko mbili!"

Safari hii hatukumfuata Bibi; tulimleta. Mujuni alimvuta mkono mmoja na mimi mwingine. Bibi akavaa miwani yake, akainama, akaifuta runinga kwa kiganja, akatazama ile kona kwa muda mrefu.

"Mbili," alikubali. "Na moja ina chakula, imefunikwa." Akajinyoosha, akanigeukia mimi, siyo wajukuu wake wengine. "Anarudi, mwana wange. Hakuna mwanamke anayeandaa sahani mbili akijua atakayebaki ni mmoja."

Tulipiga ngoma ile ya kwenye filamu kwa mapipa ya maji mpaka majirani wakauliza kama kuna harusi.

Kisha mwezi ukajaa, na mama hakuja.

Upepo ulikuwa mkali wiki ile. Ukisimama mahali palipo wazi kuelekea ziwani uliona maji yamegeuka meupe. Bibi alisema boti zimezuiliwa, kama alivyosikia sokoni, na kule Goziba simu hazikushika. Lakini sebuleni hakuingia tena majina yalipokuwa yakipita. Mwezi ukaanza kumegeka ubavuni. Mujuni alinipa kiti cha mbele. Nilikaa hapo nikizitazama zile sahani mbili, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba labda ile iliyofunikwa imebaki imefunikwa siku zote.

Alikuja mchana, sisi tukiwa tunaanika maharage. Kabla sijamwona nilisikia harufu ya dagaa, halafu nikaona khanga yake ya zambarau ikitokea kati ya migomba, kapu kichwani, anatembea ule mwendo wake wa mtu aliyezoea sakafu inayoyumba. Sikumkumbatia. Sikumwamkia. Nilimshika mkono nikamvuta ndani, kapu likiwa bado kichwani.

"Koku, hata shikamoo?"

"Mama, njoo uone, njoo uone kwanza!"

Nikamkalisha. Mujuni akawasha. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: mwezi, mzigo usiokuwepo, nyayo, sahani, jina lililozama mara mbili, Bibi na marehemu wake. Mama alitazama ziwa lile la rangi ya chungwa, paka mdogo, mtumbwi unaoisha. Doa likatokea. M. O. Ikakwama.

"Halafu?" akauliza.

"Ndiyo hatujui!" tukapaza sauti wote watatu.

Mama akashusha kapu kichwani. "Jumamosi," akasema, "mimi na Koku tutakwenda kuitafuta."

Jumamosi Kemi na Mujuni walikuwa na mafundisho ya komunyo, nusura walie. Tuliwaacha kanisani tukateremka Miembeni, tukaingia duka baada ya duka. Hatukuwa na jina la filamu, kwa hiyo mama alinisukuma mbele kwenye kaunta na mimi nikaimba ile filimbi na kupiga zile ngoma kwa viganja. Duka la mwisho, kijana aliyekuwa akiuza sidii akatabasamu kabla sijamaliza. Akaichomoa rafuni. Mama akamwomba atuwekee palepale, tukakalia kreti za soda.

Nilishika goti la mama. Filimbi. Maji. Majina. Doa likaanza kukua, M, O, herufi nyingine zikashuka, nyingi, neno nisilolijua, na doa likaendelea kukua, likawa karibu, likapata mabawa.

Lilikuwa ndege. Ndege mweusi tu. Alipita juu ya paka mdogo, tukamfuata hewani, akafika kwenye mji mkubwa, akatua juu ya paa la nyumba ya punda mmoja aliyetaka kuwa mpiga tarumbeta. Na filamu yote, mpaka mwisho, ilikuwa ya punda. Wale paka hawakuonekana tena. Yule wa ufukweni aliachwa pale amekaa, na hakuna hata mmoja kwenye filamu nzima aliyeuliza habari zake.

"Wametudanganya!" nilimaka, nimesimama juu ya kreti. "Mtumbwi uko wapi? Huyu punda ni wa nani?"

Kijana wa duka alicheka hadi akainamia kaunta. Mama hakucheka. Alinishusha, akanitoa nje, tukakaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, watu wakitupita.

"Koku. Ulikuwa unaogopa sitakuja?"

"Niliogopa umeandikwa," nikasema, na hapo ndipo kilio cha wiki zote zile kilipotoka.

Alinisubiri. Kisha akaniambia kama anavyoambiwa mtu mzima, na hilo sijalisahau. Akasema anarudi Goziba Jumatatu, na mimi sirudi. Kisiwani nisingesoma nikafika mbali. Nitasoma Kitendaguro, nitalala kwa Bibi, na yeye atakuja, upepo ukimruhusu. Usipomruhusu atachelewa, lakini atakuja. Akasema alipaswa kuniambia hivyo tangu mwanzo, badala ya kunipa neno "kwanza" nikae nalo peke yangu. Iliuma. Lakini nilishangaa jinsi ilivyouma kwa namna ya kuisha, kama mwiba uliokwisha kutolewa. Aliyoyasema aliyafanya, mpaka alipopata nafasi ya kuuza samaki Muleba mjini na kuachana na boti.

Siku hiyo, hata hivyo, nilikuwa bado na safari ya kurudi nyumbani, na kule njiani, kabla hata ya kuiona nyumba, Kemi na Mujuni walitutokea wanakimbia, bado na nguo zao za kanisani, na nyuma yao Bibi, aliyejifanya anakagua mikungu ya ndizi.

"Mmeiona? Mmeiona yote?" Mujuni alikuwa anahema. "Mtumbwi ulirudi?"

Wote walisimama. Bibi aliacha kukagua. Nilimtazama mama, naye alinitazama, akaweka kapu chini, akakaa kwenye nyasi kama mtu ambaye naye anataka kusikia.

"Ulirudi," nikasema. "Lakini kaeni chini niwaambie ulikopitia."